Mutoto ya Paka mu Moteri ya Kamio

Ninyi batoto benye munaanza kazi ya makanika, munaniitaka vié, muzee, na munakujaka kwangu na maulizo ya moteri. Vié, kamio inatoa moshi mweusi, ni juu ya nini. Vié, gerbox inalia. Ninabajibu, juu ile kazi niliifanya miaka makumi mbili na kenda, na iko mu mikono yangu hata leo, mu bidole munane byenye bilibaki. Lakini leo sitabaambia juu ya gerbox. Nitabaambia juu ya paka, na nitataja majina. Bantu bananiambiaka, "Ba Ngoi, wacha majina, ile mambo ilishapita." Ilipita kwa nani? Bo banatembea na bidole kumi.

Majina ni haya. Jamari Kabamba, shofere. Gaspard Mwepu, shef ya atelie. Monsieur Placide, wa biro ya nyama, ni kusema wanyama, kule mu ville. Wa ine ni miye, na mutaona juu ya nini.

Ilikuwa mwezi ya saba, ile baridi ya Lubumbashi yenye bageni habaaminiaka mpaka ibapate. Asubui maji ya mu ndoo inauma mikono sawa imbwa. Garaji yetu ilikuwa ku njia ya Kinsevere, tulikuwa tunatengeneza kamio, zile lori za bantu benye kupeleka bintu ku mine, ku migodi. Kamio zinaingia mangaribi na moteri ya moto, na paka za ku njia banajua ile. Banapanda na kwa chini, banapita juu ya ekseli, banajikunja pembeni ya moteri mpaka jua itoke. Bo pia beko na akili, kuko bantu benye kukosa ile akili.

Njo maana mu kazi yetu kuko desturi. Mbele ya kuwasha, unapiga kapo, ile kifuniko ya moteri, mara tatu na kiganja. Unaita "Moteri". Alafu unangoja. Bantu banasahauka kungoja. Kama mule kuko paka, atakimbia. Kama kuko muntu, atajibu. Muntu akiingiza mukono mu moteri, kle ya kuwashia inakaa mu mufuko yake yeye, haikae mu mukono ya mwingine, hata ya patro, mwenye garaji, hata ya pasta.

Ile alinifundisha Muzee Kitenge. Miye nilitoka masomo mu mwaka ya ine ya primeri, baba alikufa, mambo ya plan na ya bitabu sikuijua. Kitenge hakuulizaka kama unajua kusoma. Alikuwa anaweka turnevis, ile bisibisi, juu ya moteri, mukono ya turnevis ku sikio yake, anafunga macho, anasema, "Roulement ya pili, ile beringi, itakufa mbele ya siku ya mungu." Ilikufa siku ya posho, siku moja tu mbele ya ile ya mungu. Leo munachomeka ordinateri, ile kompyuta, inabaandikia makosa yote mu kifransa. Ni muzuri, sikatae. Lakini ordinateri haitakuonyesha paka.

Siku ya kwanza yenye nilisahau kupiga kapo, Kitenge alinisimamisha mbele ya ile kamio, bantu bote banaangalia.

"Omba kamio pardon."

"Muzee, ni chuma."

"Ile chuma siku moja itakula mukono yako na haitakuomba pardon. Anza weye."

Niliomba pardon. Banacheka mpaka banaketi chini. Siku ya pili nilisahau tena, niliomba pardon na magoti. Ya tatu sikusahau.

Sasa Jamari. Jamari Kabamba hakukuwa shofere mubaya mu njia, ninasema kweli juu nikidanganya neno moja hamutaamini ingine. Alikuwa anajua kupanda mulima na muzigo bila kuunguza embrayage, ile klachi. Ugonjwa yake ilikuwa moja: hakuna siku alikuwa na wakati. Ile asubui alifika, muswaki bado mu kinywa, alipanda mu kamio yake ya pua ndefu, aliwasha. Hakupiga, hakuita, hakungoja.

Miye nilikuwa kamio tatu pembeni, ninasafisha filtre. Kuko ule mukanda wa kuzungusha vantilateri, tunaitaka kurua. Kurua iko na wimbo yake, ukikaa miaka mingi unaisikia hata ukiwa unaongea na muntu. Nilisikia wimbo inakatika, kitu laini inapigwa, alafu sauti moja ndogo, sawa mulango ya kabati.

"Zima," nilisema. Alinionyesha sikio yake. "Zima moteri."

Alizima. Alishuka polepole, sawa muntu mwenye nimemukosea heshima.

"Kuko nini, vié?"

Nilifungua kapo. Mutoto ya paka mweusi, mukubwa sawa kiatu ya mutoto, alijishikilia na kucha za mbele juu ya tuyo, ile bomba ya maji. Muguu ya nyuma ya kushoto ilipita mu kurua. Sitabaambia vile ilikuwa, munajua vile mufupa inakuwa.

"Ah, ni paka tu," Jamari anasema. "Nilifikiri ni kitu ya maana."

"Ulipiga kapo?"

"Bananingoja ku mine, vié."

"Ulipiga kapo?"

"Uko polisi ya bapaka sasa?"

Banacheka. Bale bote benye balikuja kuangalia balitoa telefone. Bantu saba na telefone saba, na hakuna hata mukono moja yenye kuingia mule. Moja alisema, "Sogea kidogo, vié, unafunika." Miye ninamutoa paka, yeye anataka nisogee juu apate foto muzuri. Ile jina sikuijua, ningeijua ningeitaja hapa.

Shef Mwepu alitoka mu biro na kikombe yake ya chai. Hakuangalia paka, aliangalia saa.

"Ngoi, tupa ile kitu kule ku ukuta. Kamio iende."

"Shef, iko muzima."

"Basi itakufa. Tupa."

Sikutupa. Na hapa njo jina ya ine inaingia. Nilimubeba mpaka kwa ile bidon yetu ya kunawia. Ninyi munajua vile tunanawaka ku garaji: grese haitokake na maji, inatoka na mazutu, ile dizeli. Mikono yangu inanawa na mazutu tangu nilikuwa kijana. Paka alikuwa mweusi kwa grese kupita vile Mungu alimuumba mweusi, na damu juu ya grese. Nilichukua kitambaa, nilichovya mu mazutu, nilimupangusa muzima muzima, mugongo, tumbo, na kile kidonda. Polepole, na roho muzuri. Alipiga kelele kupita vile alipiga mu moteri. Nilimuambia, "Vumilia, ni ya kusafisha." Nilifikiri ninamusaidia. Nilimufunga mu kitambaa ya safi, nilimuweka mu kifua, ndani ya salopeti.

"Ngoi," Mwepu anasema, "ukipita ule mulango ninaandika kama ulikimbia kazi."

"Andika," nilisema. "Kuandika njo unajuaka."

Lazima nibaeleze ile neno.

Miaka sita kabla ya ile siku nilikuwa ninakaza kurua ya kamio ingine. Kle ilikuwa mu mufuko yangu, vile Kitenge alinifundisha. Mukono ya kushoto ilikuwa ndani mpaka kiwiko. Lakini ile kamio ilikuwa na kle ya pili, na kle ya pili ilikuwa mu tiroir ya meza ya Mwepu. Patro alikuwa amekuja siku ile, na Mwepu alitaka kumuonyesha kama kamio imeshakuwa tayari. Alipanda na upande ingine, aliwasha. Hakuita. Bidole mbili bilienda, kile kidogo na ya pembeni yake, hata sikubisikia, niliona tu kurua inabadilika rangi.

Mu lopitali Mwepu alinikujia na karatasi. Alileta machungwa pia, ninasema kweli, machungwa ilikuwa muzuri. Alisema, "Tia sinyatire, sahihi yako, hapa, ni ya kukusaidia." Nilikuwa na dawa mu kichwa, na kifransa yangu ni ya mwaka ya ine ya primeri. Nilitia. Kisha, binti yangu alinisomea kopi: mufanyakazi hakufuata sheria ya kazi. Mufanyakazi ni miye. Kle yangu ilikuwa mu mufuko ya suruali yenye balikata ku lopitali.

Batoto, musitie sinyatire ya karatasi yenye hamukusoma. Kama hamujui kusoma, mupeleke kwa mwenye kujua. Kama anasema hakuna wakati, njo hapo mujue kama karatasi iko na meno. Ile ni ufundi pia, kupita ya gerbox.

Basi nilipita ule mulango. Nilipanda taksi ya kuenda mu ville, paka mu kifua. Mama moja pembeni yangu alisikia harufu, alifungua dirisha. Nilifikiri ni harufu yangu.

Mu ville kuko biro moja ya nyama, sitasema njia gani. Ku mulango baliandika mambo ya afya ya nyama na picha ya ngombe mwenye kunona. Mule ndani nilimukuta Monsieur Placide, kravati, tai ya bluu, ku shingo, anavunja karanga mu kiganja na kupuliza maganda juu ya mafaili ya bantu.

"Bonjour, patro. Niko na mugonjwa."

Aliangalia kifua yangu. "Ni nyama ya kufuga ao nyama ya pori?"

"Ni paka."

"Ninajua ni paka, papa, niko na macho. Ya kufuga ao ya pori?"

"Ya ku njia."

Alitoa karatasi, alisoma na kidole toka juu mpaka chini. "Ya ku njia haiko humu."

"Patro, muguu yake ilikatika. Anahitaji muganga."

"Siye hapa tunatoaka karatasi ya ngombe na ya mbuzi zenye kuingia mu ville. Sasa ile paka anaingia mu ville juu ya kuuzishwa?"

"Anaingia juu ya kufa."

"Basi ile haihitaji karatasi."

Alirudi ku karanga. Ninabaapia, hakukuwa na hasira hata kidogo, njo yenye iliniumiza. Ningemuelewa muntu mwenye kunitukana. Yeye alifurahi kama nilipata jibu.

Nikiwa ninatoka, nilifungua kitambaa niangalie. Povu ilikuwa inatoka paka mu kinywa. Alikuwa anajilamba, analamba tu, mugongo na tumbo, na kila akilamba anatetemeka. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyekundu sawa nyanya. Nilisema, basi, anakufa, Mwepu alishinda. Ilinifanya hasira kupita huzuni, siwezi kubaficha. Sentineli, mulinzi ya ku mulango, muzee mwenye kofia ya sufu, aliona.

"Kaka, Placide hajagusa nyama tangu alipewa ile kiti. Mwenye kuponyesha ni Dokta Rosalie, ule wa banguruwe. Leo iko mu mutaa ya Hewa Bora, kwa bale bantu benye kufuga nyuma ya nyumba. Tafuta moto, pikipiki nyekundu yenye kukohoa."

Nilirudi Hewa Bora, kwetu, kumbe dawa ilikuwa kwetu na miye nilienda kuitafuta kwa kravati. Nilisikia ile moto mbele ya kuiona, karburateri ilikuwa inakula maji. Ilikuwa mbele ya parsele moja, kiwanja ya nyumba, na ndani mwanamuke mufupi wa boti za mupira alikuwa anamukalia nguruwe mukubwa ku shingo na kumupiga sindano nyuma ya sikio.

"Dokta Rosalie?"

"Njo miye. Usikaribie, huyu anaumaka makalio."

Nilimuonyesha paka. Hakuangalia muguu. Aliinama, alinusa, alafu aliniangalia miye mu macho.

"Nani alimutia mazutu?"

"Miye, Dokta. Nilimusafisha."

"Ulimusafisha na mazutu. Iko pisto? Iko roulement?"

"Siye tunanawaka..."

"Ninyi hamujilambake. Huyu anajilamba. Tangu asubui anakunywa mazutu, papa, na ile yenye hajakunywa inamuchoma ngozi. Ule muguu haingemuua leo. Weye ungemuua."

Mwepu aliponikata bidole nilikuwa na maneno ya kumujibu mpaka leo, lakini kwa ule mwanamuke, sifuri. Njo maana jina yangu iko mu liste. Kukosa roho na kukosa akili, ule mwenye kuumia hajui gani ni gani.

Sasa musikilize muzuri, juu ile njo kazi yenye alinifundisha na inaweza kubasaidia. Nyama akiingia mu grese ao mu mazutu, usimutie mazutu, usimutie petroli, usimumwagie maji ya baridi. Umufunge kwanza mu kitambaa asijilambe. Uchukue mafuta ya kupikia, hata ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, umupake polepole na bidole, mafuta inabeba mafuta. Upanguse na kitambaa kavu. Alafu maji ya vuguvugu na sabuni ya sahani, mara mbili, mara tatu, mpaka harufu inaisha. Umukaushe, umufunike, baridi inaua vile vile. Mama ya parsele alitupatia kopo ya mafuta ya ngazi, na tulimuosha pale pale mu beseni, pembeni ya banguruwe. Mutoto ya paka alitoka na rangi ya machungwa juu ya weusi yake, sawa ndizi ya kukaanga.

Kisha Dokta alimupiga sindano ya usingizi. Alingoja. Ule alijua kungoja.

"Muguu haitapona, mufupa ni unga," anasema. "Ninakata. Shika kichwa."

Aliona mukono yangu ya kushoto, niliifichaka kwa desturi. "Ile itatosha," anasema. "Kichwa yake ni kidogo."

Hakuuliza ilikatwa na nini. Ni muntu wa kwanza mwenye hakuuliza. Alikata, alifunga mishipa, alishona na uzi ya kushonea banguruwe, hakuna hata neno moja ya bure. Nilimuuliza nitamulipa na nini, alinionyesha moto yake na kidevu. Nilifungua karburateri mbele ya mulango, nilitoa mule maji na muchanga ya kujaza kijiko, na moto iliwaka bila kukohoa. Hatukudaiana.

Ku nyumba, Mama Feli, muke yangu, aliangalia mu kitambaa.

"Baba Feli, ile haiingie humu."

"Ni mutoto."

"Ni paka mweusi, na sasa iko na miguu tatu. Bajirani ya mulango ya pili tayari banasema bibi yao muzee anatembea na mangaribi mu mwili ya paka. Kesho mutoto ya jirani akipata homa, bataanza kutuhesabu mu bachawi." Alafu alisema polepole, "Miye najua. Unaona bidole byako mule."

Nilimuambia anyamaze. Miye ninasaidia paka juu paka iko na maumivu, sitafute mashairi mu mukono yangu. Nilisema kwa nguvu, nilijuta. Hakukosea juu ya bajirani. Mu kartié yetu, mutaa yetu, balishapiga bamama bazee juu ya kitu kidogo kupita ile. Na hasira yangu kwa bale benye kutafuta mulozi, muchawi, mu paka ni kubwa sana, juu hakuna siku hata moja baliingia mu biro ya Mwepu kumutafuta mule.

Basi nilimurudisha ku garaji. Mwepu alikuwa ameandika, lakini hakunifukuza. Niliweka paka mu kabati yangu ya byombo, kitambaa chini, tobo mbili juu ya hewa. Siku kumi na moja nilimulisha na ndagala za kusaga na maji. Dokta alipita mara mbili kuangalia uzi. Alianza kusimama, anaanguka, anasimama. Alikuwa anatembea sawa muntu mwenye kushuka ngazi yenye hajaizoea.

Siku ya kumi na mbili alitoka pekee yake, alienda mpaka mu biro, alikojolea faili ya Mwepu. Musicheke sana. Miye nilicheka, na nililipa.

"Kesho asubui sitaki kumuona," Mwepu anasema. "Ukimuleta tena, nitamupatia imbwa ya mulango." Imbwa ya mulango mulimujua, alikuwa anakula tairi.

Nilizunguka na paka ile siku, saa ya bukari, ile ugali ya muchana, mu kartié muzima. Pasta Eliya alinifungia geti, Baba Kyungu, jirani, alisema, "Ungeniletea wa miguu ine ningefikiri." Mwalimu ya masomo alisema ni muzuri kile ninafanya, ni muzuri sana, alifunga mulango pia. Maneno matamu na mulango yenye kufungwa, ile haina tofauti na karanga za Placide.

Nilibaki na depo ya bunga ya Mama Mbuyi. Munamujua, Mama Mbuyi wa balanza, ile mizani, mwenye anapimaka bunga na macho mbili mpaka unaona haya. Sikuanza na yeye juu nilimuogopa. Ulimi yake haina freni ya kuizuia.

"Ni nini ile, Ba Ngoi? Unaniletea nyama ya mukonda?"

"Ni paka, Mama. Anahitaji nyumba. Mbele ya kesho."

"Muguu yake ya ine iko wapi?"

"Moja ilibaki mu kamio."

Alimuangalia. Bamama benye balikuja kununua balisogea, moja alisema neno ya bulozi. Mama Mbuyi hakugeuka.

"Miye balozi benye kuniua beko na mukia ndefu, banatoboa mifuko yangu kila siku. Kama huyu ni mulozi mwenzao, baongee." Alafu kwa miye: "Panya hatamuhesabia miguu. Lakini sidanganyiwi. Ninakupatia posho moja, siku saba. Akifanya kazi, atabaki. Asipofanya, unakuja kumubeba na hauniletei machozi humu."

"Mama, ni mutoto, hajui bado kukamata."

"Hata weye ulikuwa mutoto siku ulianza kazi. Nani alikungojea?"

Kitenge aliningojea, lakini sikumuambia.

Mu ile siku saba nilipita mara ine mbele ya depo, sikuingia. Mara moja niliona Mama Mbuyi anatupa kitu inje na pele, ile koleo, nilikaribia kuangalia, ilikuwa mufuko yenye kuoza. Nilijua mutoto ya ule ukubwa hakamatake panya. Panya za bunga zinanona, zingine zinamupita ukubwa. Na Mwepu kila asubui: "Ngoi, mulozi yako anaenda je?" Na Jamari, yeye alikuwa amesahau kabisa. Siku moja aliniuliza kama ni kweli garaji ilikuwa na paka.

Siku ya saba niliomba kartoni ya filtre juu ya kumubebea paka, nilitoboa tobo za hewa, nilienda. Mu njia nilikuwa ninapanga maneno. Nilisema nitamuambia ule mama kama yeye na Mwepu ni mamoja, kama mu hii ville hakuna nafasi ya mwenye kukatwa, ukikatwa lazima ufanye kazi kupita benye habakukatwa, na hata vile banakungoja na kartoni. Nilipanga muzuri, na kifransa kidogo ndani juu aumie.

Nilipofika, depo ilikuwa imejaa. Mama Mbuyi alikuwa anapima.

"Mama, posho iliisha. Nimekuja."

"Posho gani?"

"Siku saba. Ulisema."

"Ah." Alimalizia mama wa mbele yangu, alifunga mufuko, alisukuma kitambaa ya kichwa nyuma. "Panya moja, Ba Ngoi. Moja mu siku saba, na ninafikiri alikufa na uzee. Miye niliwahi kuona bavivu, lakini huyu."

"Niko na ya kumubebea hapa," nilisema, nikionyesha kartoni, na nilifungua kinywa nianze.

Pale njo nilimuona paka. Alikuwa analala juu ya bakuli ya balanza, ile muzuri, bakuli ya chuma yenye jua ya mulango inapigaka. Bamama balikuwa mu mustari, moja mbili tatu ine, na ile balanza ingine, ya kuharibika, njo Mama Mbuyi alikuwa anapimia, polepole, anaigonga na kidole kila mara juu sindano yake inakwama.

"Mama, kwa nini haupimie na ile muzuri?"

"Hauone kuko muntu mule?" anasema.

Alinyoosha mukono. Alichukua kartoni mu mikono yangu, hata hakuuliza, aliipasua mara mbili juu ya goti, alipasua tena, na aliitandika chini ya mufuko ya bunga ya kona, pale kwenye simenti inaletaka maji.

"Mwenye kufuata," alisema.

Nilisimama pale na hotuba yangu yote mu kinywa, na mama wa nyuma yangu ananisukuma nisogee.